SOMO LA WANACHAMA: KUIWEKA KOMPYUTA MACHO WAKATI WA KUONYESHA PICHA



Mikutano ya matawi yakaribia, na matawi kadhaa yameomba kuwa picha za kazi zetu zionyeshwe ukutani muda wote wa mkutano, ili kila aingiaye azione bila ya kumngoja mtu wa kuzieleza. Fikra hiyo ni njema. Picha ya mkarafuu uliovunjwa matawi na mchumaji mwenye haraka yafundisha zaidi kuliko hotuba ya nusu saa, na picha ya karafuu zilizovunda juu ya jamvi haihitaji maneno hata kidogo. Walakini ipo aibu moja iwapatayo watu wengi katika shughuli za namna hii, nami imenipata, nayo ni ya kompyuta kushikwa na usingizi katikati ya kazi. Somo la leo ni juu ya usingizi huo.

Jambo lenyewe lilinipata mbali na huku kwetu, huko Basotu, katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Kwa wasioijua, Basotu ni nchi ya juu, yenye baridi asubuhi, na ziwa la maji matamu lililokaa ndani ya shimo la volkeno ya zamani. Ukitupa jicho upande wa mashariki wauona Mlima Hanang. Hakuna karafuu huko, kuna ngano. Mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika uwanda ule kwa msaada wa Canada, na katika miaka ya 1970 na 1980 yalikuwa mikononi mwa shirika la serikali, NAFCO. Yalipokuwa yakifunguliwa, uwanda haukuwa mtupu. Ulikuwa malisho ya Wabarabaig, na shauri la ardhi hiyo lilifika mahakamani katika miaka ya 1980. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina uhusiano na picha nitakazozieleza.

Nilikwenda kumzika rafiki yangu, Mwiraqw, fundi wa kombaini, ambaye tulifahamiana tungali vijana chuoni. Nilichelewa mazishi kwa siku mbili, kwani kutoka Pemba hadi kule si safari ya siku moja. Marehemu alikuwa mtu wa kupenda kupiga picha. Tangu alipoajiriwa kazi ya mashine alikuwa na kamera, na kabla ya kufariki mwanawe alizihamisha picha zote kutoka karatasini akazitia katika kompyuta yake, ile ndogo ya kukunjika ambayo watu huiita laptopu. Zilikuwa 240. Familia ikakata shauri kuwa watu wanaokuja kutoa pole wazione, na kazi ya kuzionyesha nikapewa mimi, kwa kuwa mgeni kutoka Unguja na Pemba hudhaniwa kuwa ajua kila kitu cha umeme. Sikukataa. Ningalikataa ingalikuwa bora.

Yule kijana akaniwekea kompyuta mezani, akaiunga na projekta, akanionyesha pa kubonyeza, kisha akaniambia, "Baba, mimi nateremka Katesh kuwapokea wageni, nitarudi jioni." Nikamwambia, "Nenda mwanangu, hii ni kazi ndogo." Nikabonyeza, picha zikaanza kupita, moja kila sekunde 20. Nikazitazama tatu, nikaona mambo yanakwenda, nikaenda kukaa na wazee.

Kwa muda wa saa nzima hakukuwa na tatizo. Sababu yake sikuijua wakati ule, ila naijua sasa: watoto walikuwa wameizunguka meza, nao kila picha ikipita wakigusa kibonyezo hiki na hiki, kurudisha nyuma au kukuza uso wa mtu wamjuaye. Baadaye mama mmoja akawafukuza ili watu wazima watazame kwa utulivu. Ukumbi ukawa kimya, watu wakatazama kwa adabu, hakuna aliyegusa kitu. Zikapita kama dakika kumi, ukuta ukawa mweusi.

Miongoni mwa waliokuwa wamekaa alikuwamo mzee mmoja wa Kibarabaig, amekuja kwa miguu tangu alfajiri. Alikuwa amesikia kwamba marehemu aliwahi kupiga picha ya sehemu fulani ya uwanda kabla haijalimwa, na katika picha hiyo laonekana kaburi la mzee wa ukoo wake. Wabarabaig huwajengea tuta kubwa la udongo wazee wao wanaoheshimiwa, na mahali hapo huwa pa heshima kwa vizazi. Kaburi hilo alilijua alipokuwa kijana. Sasa pale pana ngano. Picha yake ilikuwa katikati ya mzunguko, na alipoingia ilikuwa imekwisha kupita, kwa hivyo alikaa kuingoja izunguke tena.

Nilikwenda mbio mezani. Nilipogusa kibonyezo, kioo kiliwaka, lakini badala ya picha kikaniuliza neno la siri. Sikuwa nalo. Mjane hakuwa nalo. Tulimpigia simu kijana, hapatikani. Njia ya Katesh ina sehemu zisizo na mtandao. Picha hazikuwapo mahali pengine popote, wala katika flashi wala katika simu. Nikamwendea yule mzee nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, mashine imejifunga, tumngoje mwenyewe." Akaitikia marahaba, akangoja. Alingoja hadi saa tisa. Kisha akasema ng'ombe wake wako na watoto wadogo, na giza likimkuta njiani si vizuri, akashika fimbo yake akaenda. Kijana alirudi saa kumi na mbili.

Usiku ule hatukulala mapema. Kijana alinifundisha, nami nikaandika, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyaandika, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye.

Kwanza yafaa kufahamu kwa nini kompyuta hulala. Kila mmoja wetu amewahi kuweka mlinzi wa majamvi. Mlinzi mwema hukaa macho kwa kuwa ajua karafuu ziko nje na mvua yaweza kuja. Kompyuta si mlinzi wa namna hiyo. Yeye haziangalii karafuu; amwangalia tajiri. Tajiri akiwa yupo, akigusa hiki na kile, mlinzi huyu yu macho. Tajiri akikaa kimya dakika kumi, mlinzi husema, "Bila shaka amekwenda zake," hujifunika shuka akalala. Kwamba picha zinapita ukutani na watu mia wanazitazama, hilo halimhusu, maadamu hakuna aliyemgusa. Ameamrishwa hivyo na watengenezaji ili asile betri bure, na ili mtu mwingine asije akaitumia kompyuta iliyoachwa wazi. Amri hizo zote mbili ni za busara, ila hazifai kwa siku ya kuonyesha picha.

Tena watu wengi hudhani usingizi ni mmoja. Sivyo. Kuna saa ya kuzima kioo, ambapo kompyuta yenyewe ingali ikifanya kazi. Kuna saa ya kulala hasa, ambapo kila kitu husimama. Na kuna kufuli, yaani kudai neno la siri baada ya kuamka. Kila moja ina mpango wake, na hizo mbili za kwanza zina mipango miwili miwili: mmoja kompyuta ikiwa imechomekwa katika umeme, na mwingine ikiwa juu ya betri. Mtu akirekebisha mmoja akasahau wa pili, umeme ukikatika hurudi pale pale alipokuwa.

Katika kompyuta zenye Windows 11, ambazo ndizo nyingi katika afisi zetu, fungua mahali palipoandikwa "Settings", kisha "System", kisha "Power & battery". Hapo utaona dakika za kuzima kioo na dakika za kulala. Chagua neno "Never", maana yake kamwe, katika zote, za umeme na za betri. Kufuli yake iko mahali pengine, katika "Accounts", halafu "Sign-in options", penye swali la lini neno la siri lidaiwe tena mtu akiwa ameondoka. Na mfuniko nao una amri yake: ukifunikwa, kompyuta nyingi hulala papo hapo. Kwa hivyo mtu asije akaufunika kidogo ati mwanga wa kioo wamsumbua mwenyekiti. Ikiwa mwanga wasumbua, upunguzwe, na mfuniko uachwe wazi.

Njia ya pili, nami naiona bora kuliko ya kwanza, ni kutumia programu ambayo yenyewe humwambia mlinzi asilale. Programu njema za kuonyesha filamu hufanya hivyo, kwa sababu watengenezaji wake wajua kuwa mtu atazamaye filamu ya saa mbili hagusi kitu. VLC, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, ni mojawapo. PowerPoint nayo kwa kawaida huizuia kompyuta kulala wakati maonyesho yanapoendelea kioo kizima, tena ina mpango wa kuzungusha picha bila kikomo mpaka mtu abonyeze kitufe cha Esc. Lakini zile programu ndogo za kutazamia picha zinazokuja pamoja na kompyuta hazifanani. Nyingine huomba ruhusa ya kukaa macho, nyingine hazina habari. Ile ya Basotu haikuwa na habari. Mwenye vijana wanaojua kazi na awaambie wazigeuze picha zote ziwe filamu moja, kila picha ikae sekunde 15 au 20, kisha filamu hiyo ichezwe katika VLC kwa kujirudia. Filamu ya namna hii yafaa pia kwa kuwa yaweza kutiwa katika flashi na kuchezwa katika televisheni nyingi za siku hizi bila ya kompyuta kabisa.

Ukitaka kujua kama programu yako imeomba ruhusa au haikuomba, ipo amri ya Windows. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, wakati picha zikiwa zinapita, uandike powercfg /requests. Mashine itakujibu kwa orodha. Chini ya neno DISPLAY likiwapo jina la programu yako, basi imeomba kioo kikae macho. Pakiwa na neno "None", hakuna aliyeomba, na yakupasa kurudi katika mipango ile ya dakika.

Wenye kompyuta za Apple wana amri yao, nayo imenichekesha tangu siku niliyoijua. Jina lake ni caffeinate, yaani kuinywesha kahawa, kwa ile dawa iliyomo katika kahawa inayoondoa usingizi. Katika dirisha la Terminal waandika caffeinate -d -t 28800, na kioo hakitazimika kwa sekunde 28,800, ambazo ni saa nane. Wazee wetu wa barazani hawakuhitaji kuandikiwa amri hiyo. Kwa upande wa Windows, Microsoft wenyewe hutoa bure mkusanyiko wa programu uitwao PowerToys, na ndani yake mna moja iitwayo Awake, yenye kazi hiyo hiyo: waiambia ikae macho muda fulani, kisha mipango ya zamani hurudi bila ya wewe kuikumbuka. Kwa mtu msahaulifu kama mimi hiyo ndiyo dawa.

Nimewahi pia kuonyeshwa hila ya kuweka kipanya chenye mwanga juu ya saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Mshale ukipita chini ya mwanga, kipanya hudhani kimesogezwa, na kompyuta hudhani tajiri yupo. Si uongo, hufanya kazi, lakini si kwa kila saa wala kila kipanya, na mtu akipita akaichukua saa yake mchezo umekwisha. Mimi nisingeitegemea mbele ya mkutano mkuu.

Sasa tuje kwenye umeme, kwani hata kompyuta iliyonyweshwa kahawa hulala betri ikiisha. Betri ya laptopu ya kawaida hubeba kama saa-wati 50. Kompyuta ikila wati 12, itafika takriban saa nne, ikiwa betri ni mpya. Ikiwa ya zamani, tazamia nusu ya hapo au chini yake. Projekta ndiyo mlaji mkubwa. Projekta ya taa hula wati 200 hadi 300. Tawi linalotumia umeme wa jua na betri moja ya volti 12 ya saa-ampea 100 lina saa-wati 1,200 kwa hesabu ya kitabuni, lakini betri ya risasi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hivyo zabaki 600. Gawanya kwa wati 260 za projekta na kompyuta pamoja, wapata saa mbili na robo hivi. Mkutano wetu huchukua mchana kutwa. Tawi kama hilo na lionyeshe picha kwa vipindi, au litumie televisheni ndogo badala ya projekta.

Chaja ichomekwe moja kwa moja ukutani kama yawezekana. Kama lazima kutumia ekstensheni, waya ufungwe kwa utepe sakafuni, maana waya ulegeao mlangoni utakwatuliwa na mguu wa kwanza upitao, na kompyuta itahamia kwenye betri pasipo mtu kujua. Itazame alama ya plagi katika pembe ya kioo kabla hujaondoka mezani. Kompyuta isiwekwe juu ya jamvi wala kitambaa; matundu yake ya hewa yapo chini au ubavuni, na yakizibwa hupata joto, na joto likizidi hujizima yenyewe kwa kujilinda. Kumbukeni kuwa projekta nayo yaweza kuwa na saa yake ya kujizima, ambayo haina uhusiano wowote na kompyuta. Mara nyingi watu hugombana na kompyuta kumbe aliyelala ni projekta.

Lililo muhimu kuliko yote niliyoyataja ni majaribio. Mimi nilitazama picha tatu nikaridhika. Picha tatu ni dakika moja, na kwa kawaida kompyuta hailali katika dakika moja. Picha 240 kwa sekunde 20 kila moja ni sekunde 4,800, yaani saa moja na dakika 20 kwa mzunguko mmoja. Jaribio la kweli ni mzunguko mzima, kwa kompyuta ile ile, projekta ile ile, programu ile ile, na bila ya mkono wa mtu yeyote. Anzisha jioni ya kuamkia mkutano, ufunge mlango, watoto wakae nje, uende ukaswali Magharibi na ule chakula chako. Ukirudi ukakuta picha zingali zinapita, chomoa chaja, uache dakika 20 nyingine juu ya betri. Zikiendelea, waweza kulala wewe.

Na neno la siri liandikwe katika karatasi, akabidhiwe katibu wa tawi siku hiyo, nalo libadilishwe baada ya mkutano. Nakala ya picha iwe katika flashi mfukoni mwa mtu mwingine, si katika mkoba ule ule wa kompyuta.

Shughuli ikiisha, rudisheni mipango yote kama ilivyokuwa. Kompyuta isiyolala kamwe ikitiwa mkobani ikiwa inafanya kazi hupata moto na kumaliza betri njiani. Tena kompyuta za afisi zetu zina hesabu za wanachama, kilo walizouza na fedha walizolipwa, na kompyuta isiyojifunga ikiachwa mezani ni daftari lililo wazi kwa kila mpita njia.

Huko Basotu siku ya pili tulionyesha tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, na ukuta haukuwa mweusi hata mara moja. Yule mzee hakuja, hakuwa na habari kama tungeonyesha tena. Kabla sijaondoka kijana alipeleka picha ile mjini ikachapishwa kwenye karatasi kubwa, akampelekea kwake. Baadaye alinieleza kwa simu kuwa mzee aliitazama muda mrefu, akaonyesha kwa kidole mti uliokuwa pembeni ya tuta, akataja jina la mti huo, kisha akauliza kama fundi alikuwa amepiga nyingine kwa upande wa pili. Wakaenda kuzitafuta pamoja, na kijana anasema mpaka sasa mzee huja kila mnada, hukaa mbele ya ile kompyuta, na huwatajia majina ya mahali ambapo wao walipajua kwa namba za mashamba tu. Kijana ayaandika.

Matawi yatakayohitaji msaada wa kugeuza picha kuwa filamu yalete picha zao kwa katibu juma moja kabla ya mkutano, zikiwa katika flashi, na kila picha iandikwe jina la shamba na mwaka.